Nilivyopima majivu ya jiko langu kwa wiki mbili hapa Igoma

Mi nachemsha maharage ya kuuza hapa Igoma, Mwanza, napikia uani, jiko langu linawaka toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano hivi kila siku. Ndoo ya majivu ilikuwa inajaa haraka mno nikaanza kujiuliza, hivi kwenye hela ninayonunulia mkaa ni kiasi gani kinapika na kiasi gani naenda kumwaga jalalani? Alafu jirani yangu akawa ameanza kutumia ule mkaa wa kushindiliwa unaotokana na makaa ya mawe, akaniambia "dada jaribu huu, unakaa sana". Nikaona nisibishane naye, nipime.

Nina mizani ndogo ya dijitali ya kupimia unga. Kila asubuhi napima mkaa kabla sijawasha, jioni napima majivu, ndo hivo tu. Kumbe siyo hivo tu. Siku ya kwanza nilizima jiko kwa maji kama nilivyozoea, majivu yakaloa, uzito ukapanda sana na hesabu yote ikawa haina maana. Siku ya pili niliyaacha wazi uani, upepo wa ziwa ukavuma mchana ukapeperusha karibu nusu. Siku ya tatu ndo nikagundua kosa kubwa, ndani ya majivu kulikuwa na vipande vya mkaa ambavyo havijaungua, nikivitia hivyo kwenye mizani nakuwa napima mkaa wangu mwenyewe nauita majivu.

Basi nikaanza upya. Jiko naliacha life lenyewe, naziba mlango wa chini ili upepo usiingie, asubuhi yakiwa yamepoa kabisa nayachekecha kwa chekecheke la zamani, vile vipande vinarudi jikoni na uzito wake natoa kwenye mkaa wa siku hiyo, majivu yanaingia kwenye debe la bati lenye mfuniko. Usitumie ndoo ya plastiki jamani, kaa moja likijificha katikati ya majivu linaweza kukaa na moto usiku mzima.

Wiki ya kwanza mkaa wa kawaida, ule unaotoka huko Sengerema. Nilichoma kilo 12.4 nikapata majivu gramu 620, yani asilimia 5. Wiki ya pili ule wa makaa ya mawe, kilo 9 tu kwa maharage yaleyale, lakini majivu yalikuwa kilo 1.98 ambayo ni asilimia 22! Mwanzoni niliumia nikasema nimeuziwa udongo. Ila ukifikiria, makaa ya mawe yanachimbwa ardhini na yanakuja na madini yake ya udongo ndani, na yakishindiliwa huwa yanachanganywa na vitu vya kuyashikisha, kwahiyo majivu lazima yawe mengi. Na bado kilo 9 zimefanya kazi ya kilo 12. Kwahiyo wingi wa majivu peke yake haukuambii kama moto ni mzuri, hapo jirani alikuwa sahihi.

Kilichoniuma kweli ni sado moja niliyonunua ya chenga, zile za chini ya gunia. Majivu yake asilimia 17, nikayakoroga kwenye maji na chini ukatulia mchanga kabisa, unausikia kwa vidole. Nikamfuata muuzaji nikamwonyesha kikombe chenye ule mchanga, akasema "mama, chenga ndo zilivyo, gunia linaburuzwa chini". Alinielewa lakini, siku hizi ananichekechea kwanza ndo ananipimia.

Sa hivi natumia yote mawili, makaa ya mawe kwa maharage na mkaa wa kawaida kwa chai na ugali. Yale ya mawe siyaingizi ndani hata mvua ikinyesha, yakianza kuwaka yananuka kiberiti na ile hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, haina harufu kabisa kwahiyo hujui inapokukuta, na mkaa wa kawaida nao unaitoa. Majivu nayo nimetenga madebe mawili. Ya mkaa wa miti narushia kidogo kwenye mchicha na mengine chooni, ya makaa ya mawe hayagusi bustani maana yanaweza kuwa na madini mabaya, hayo nafukia kwenye shimo nyuma ya nyumba, mbali na mtaro unaoshuka kwenda ziwani.