Mchango wa mtoto njiti haumaliziki siku moja

Leo nimefunga hesabu za mwezi za mchango wetu, na kuna jambo limenikaa moyoni tangu tuanze.

Hapa Dar es Salaam kuchanga tunajua. Harusi ina kamati, kadi na ahadi. Msiba hauhitaji hata kadi, daftari linapita na kila mtu anaandika chochote alichonacho. Lakini mtoto akizaliwa njiti, mtaa mzima unanyamaza. Watu hawajui waseme hongera au pole. Wazazi nao hawatangazi, wanaogopa kumtaja mtoto ambaye hawana hakika naye. Ndiyo maana zile wiki za mwanzo, ambazo ndizo nzito kuliko zote, familia inazibeba peke yake.

Huyu wetu tunayemchangia alizaliwa mimba ikiwa na wiki 28, akiwa na kilo 1.1. Mapafu ya umri huo hayajatengeneza vya kutosha yale majimaji yenye utelezi yanayozuia vifuko vya hewa visinywee kila mtoto anapotoa pumzi. Kwa hiyo kila pumzi inakuwa kazi mpya. Kifua kinabonyea, mbavu zinachoreka, mtoto anaguna. Alivalishwa mrija wa kusukumia hewa puani, na mwisho wa mashine ile kuna chupa ya maji. Muuguzi akipita huitazama chupa kwanza: maji yakitoa mapovu, hewa inafika. Mama yake naye akajifunza kuitazama. Aliniambia, "Dada, nikiyaona mapovu ndipo na mimi napumua."

Agosti 1963, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, Patrick, alizaliwa kabla ya wakati na akafariki kabla ya kutimiza siku mbili, kwa ugonjwa huu huu wa mapafu. Baba yake alikuwa na kila kitu, ila tiba yenyewe ilikuwa haijapatikana. Leo tiba ipo. Dawa ya kuongeza yale majimaji ipo, mashine za hewa zipo. Kwa hiyo mtoto wa fundi cherehani na dereva wa bodaboda asipoponywa kwa sababu wazazi wake wameishiwa, siwezi kukubali kwamba ni mipango ya Mungu tu.

Najua mtakachouliza, kwa sababu nimeulizwa sana: si matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure katika hospitali za serikali? Sera inasema hivyo. Lakini dawa ikikosekana dirishani, unaandikiwa karatasi ukanunue nje. Kuna nepi, kuna chakula cha mama anayekamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kuna nauli. Kuna kipimo cha macho, maana oksijeni ikizidi huweza kumharibia njiti macho. Hakuna hata kimoja hapo kinachotisha kikisimama peke yake. Kinachowamaliza wazazi ni kwamba vinakuja kila wiki, miezi mfululizo.

Sasa lile lililoleta mvutano. Baba wa mtoto anaendesha pikipiki ya mtu, na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Hali ya mtoto ilipotulia kidogo, wauguzi walitaka abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi kila siku. Njia hii, tunayoiita kangaroo, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwenye uhaba wa mashine za joto, na imeokoa watoto wengi mno. Mama alikuwa na kidonda cha upasuaji, amechoka, hawezi saa zote hizo. Baba anaweza, lakini akikaa wodini, tajiri atampa pikipiki mtu mwingine. Nikapendekeza tulipe hesabu ya pikipiki kutoka kwenye mchango. Mzee mmoja akasema, "Mama, sisi tunachangia mtoto, pikipiki inaingiaje?"

Inaingia, mzee wangu. Tulilipa, na nasema bila kusita kwamba hakuna shilingi yetu iliyofanya kazi kubwa kama ile. Nilimkuta yule kijana amefungua shati, mtoto amelala kifuani amefunikwa khanga, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, na baba hathubutu hata kukohoa.

Wapo waliotaka tusambaze picha ya mtoto akiwa na mirija, eti ndiyo inafungua pochi. Mama alikataa nami nikasimama naye. Atakayetoa kwa kusikia, atatoa.

Sasa mtoto yuko nyumbani. Ananyonya, ana kilo 3.2, lakini mapafu bado hayajajitosheleza na anahitaji oksijeni. Mashine tumeazimwa, nayo inakula umeme usiku kucha, na umeme ukikatika lazima kuwe na mtungi wa akiba uliojaa. Kwa hiyo ninachoomba safari hii si ahadi kubwa ya mara moja. Naomba kila mmoja achague kiasi kidogo asichokihangaikia, elfu mbili, elfu tano, akitume kila Ijumaa hadi daktari atakaposema mtoto aachishwe oksijeni. Umeme wa wiki hii nimeshanunua. Mtungi wa akiba ndio bado, na Jumamosi baada ya swala ya alasiri tunakutana kwangu kuuzungumzia.