Siku moja maishani mwangu: tulipovunja kambi Takwa

Saa kumi na moja alfajiri. Upepo umeniamsha kabla ya adhana ya simu. Kusi halikulala usiku kucha, na hema langu lina nguzo iliyopinda tangu wiki ya kwanza. Ulaya watoto huenda kambini wakati wa kiangazi. Huku kwetu Manda, kisiwa jirani na Amu (Lamu), ni Agosti kwa sababu ndipo shule zimefungwa, na rasharasha ikija tunalala nayo. Nikitoka kutawadha nahesabu madumu ya maji: yamebaki mawili. Manda haina maji matamu, kwa hiyo kila tone tulilokunywa kwa siku 14 limevushwa kwa mashua.

Saa kumi na mbili niko jikoni.

"Sabalkheri, Mama."

"Subulkheri, mwanangu. Shika mwiko."

Mama mpishi ndiye mkubwa wetu sote, hata msimamizi humwogopa. Unga wa mahamri aliukanda jana usiku, mbaazi zinachemka na tui limekwisha kukamuliwa. Kazi yangu ni kugeuza mahamri na kunyamaza.

Saa moja watoto wanaamka, wote 24, na kila mmoja ana kiatu kimoja. Hapo sina la kueleza. Aliyewahi kufanya kazi na watoto anajua.

Saa mbili tunawapeleka kwenye magofu ya mji wa Takwa mara ya mwisho. Wamekwisha kuyazoea. Wanapita ukuta wa mji kama wanaopita ua wa nyumba yao, na mibuyu wameipa majina. Nawakumbusha kwamba mji huu ulihamwa karne ya 17, kwamba wazee wanasema visima viliingia chumvi, na watu wakavuka kwenda Shela. Mpaka leo watu wa Shela huja hapa kwenye kaburi la nguzo kuomba mvua. Mvulana mmoja wa Mombasa akauliza, "Sasa mbona msikiti waliuacha?" Mwenzake wa Amu akamjibu, "Wewe begi lako limekushinda, wao wangebeba msikiti?" Tukacheka hadi mwalimu wa kuogelea akaketi chini.

Saa tatu Ami nahodha anakuja na mashua mbili, uso umekunjwa. Mwezi una siku nane, kwa hiyo ni maji mafu, na mkono wa bahari wa Takwa haujai vizuri. "Yeo saa nne na nusu," akasema, "na asokuwamo hubaki." Hapo ndipo adabu zote za kuagana zilipovunjika. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwita kila mmoja pembeni na kumwambia jambo lake. Badala yake nilikuwa natafuta ndara, nafunga maboya, napiga kelele, "Nani kaacha mswaki?"

Mmoja alinivuta kanzu. Ni yule msichana wa Nairobi aliyekuja hajui hata mkeka hushonwa kwa nini, na siku ya tatu akaketi karibu na Mama mpishi na kuomba kufundishwa kusuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Alianza kwa chane saba za majani. Siku ya nne alikosea, pakawa na uvimbe kama goti, akakataa kufumua. Tangu hapo hakuuweka chini. Alisuka akila, akasuka akisikiliza hadithi, hata mahakama ya wezi wa biskuti aliihudhuria akisuka. Leo ukili ulikuwa umefika pima moja na kitu. Akachukua kisu cha jikoni, bila ruhusa, akaukata katikati.

"Dada, hii yako. Hii yangu."

Yangu ndiyo yenye goti.

"Mwakani utakuwepo?"

"Inshallah."

"Hapana. Utakuwepo ama hutakuwepo?"

Watoto wa Amu hawaulizi hivyo, wanajua inshallah ya mtu mzima ina milango mingapi. Mimi Septemba naanza chuo Mombasa. Nikamwambia, "Sitakuwepo." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya samaki, akapanda mashua.

Saa nne na nusu, injini. Wa Nairobi wanapelekwa uwanja wa ndege, upande wa pili wa kisiwa hiki hiki. Wa Mombasa watalala Amu, basi lao liko Mokowe kesho. Wanapunga mikono mpaka mikoko inawameza. Ndipo nikatazama kipande changu na kuona kinaanza kufumuka. Ncha haikufungwa. Kusuka tulimfundisha. Kumaliza hatukufika.

Mchana wote ni kazi. Mahema yanakunjwa na mchanga wake, shimo la taka linafukiwa, na masufuria yanasuguliwa kwa majivu. Saa nane tukala ukoko wa wali na papa mkavu, watu sita mahali pa thelathini. Hakuna aliyelalamikia chumvi. Msimamizi akatuambia malipo ni Ijumaa. Wiki iliyopita pia yalikuwa Ijumaa. Saa kumi maji yamepwa kabisa, mkono wa bahari ni tope tupu na kaa, na sisi tunangoja.

Saa nne usiku maji yakarudi, na Ami akarudi nayo. Nusu ya mwezi ilikuwa imeinamia upande wa Amu. Mizigo ilipokwisha kupakiwa, Mama mpishi alisimama ufukweni akatushika mikono mmoja mmoja. "Tuwiane radhi. Nimewapigia kelele nyingi." Yeye alipata nafasi ya kusema maneno yake. Vijana wawili waliinamisha vichwa, na mmoja alikuwa yule aliyeiba biskuti.

Tukatoka kwa pondo, polepole, matawi yakikwaruza ubavu wa mashua. Mama akauona ukili mapajani mwangu, akauchukua, akaupapasa gizani mpaka akafika kwenye goti.

"Huu namjua msusi wake." Akafumua mapindi mawili, akarudisha chane ndani moja moja, akakaza kwa meno. "Na kipande chake?"

"Kaenda nacho hivyo hivyo."

"Basi saa hii kimekuwa chane tupu."

Ami akawasha injini. Mbele taa za Amu zilikuwa zimeanza kuonekana.