Maua Usiyanuse

Juzi alasiri nilikuwa barazani natunga vikuba vya harusi ya jirani, mjukuu wangu kakaa ubavuni ananipa vikonyo vya asumini kimoja kimoja. Mara akachota gao zima akazamisha pua. "Usiyanuse!" Sauti ilinitoka kali mpaka mwenyewe nikashtuka. Mtoto akaduwaa, na ana haki. Hapa Unguja asumini kazi yake nini kama si kunusiwa?

"Kwa nini, Bibi?"

Jawabu yake iko Mkunazini, mwaka 1978, ghorofani kwa Babu Sonara.

Babu Sonara alikuwa Msinhala. Waliokulia Mjini wanawakumbuka masonara wa Ceylon na vito vyao. Wengi walikuwa wameshaondoka. Kisiwa chao chenyewe kilikuwa kimeshabadilisha jina tangu 1972 kikawa Sri Lanka, lakini yeye bado akikiita Ceylon, na bado yupo, peke yake na mizani yake ndogo. Sisi watoto tukimchanganya na Mabaniani wa hekalu la Hurumzi. Siye. Yeye alikuwa Mbudha, na mimi Unguja nzima sikumjua mwengine.

Bibi aliyenilea aliuza asumini, na kila mwezi ukitimia siku kumi na nne fungu moja lilikuwa la Babu Sonara. Siku ya mwezi mpevu kwao huitwa Poya, siku ya ibada. Bibi naye alikuwa hakosi kufunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, kwa hivyo wote wawili wakiungoja mwezi uleule. Mara ya kwanza Bibi alimpelekea futari, sahani ikarudi imefunikwa vilevile. Kumbe siku ya Poya yeye akishapita adhuhuri hali kitu mpaka alfajiri. Tangu hapo Bibi, na saumu yake mdomoni, akawa anampikia mhogo wa nazi asubuhi, bila papa wala dagaa, nimpelekee kabla ya saa sita. Wakasema waliosema: "Huogopi? Maua yako yanawekwa mbele ya sanamu." Bibi akijibu, "Mimi nauza asumini," basi. Moyoni mwake alilionaje, hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Mwezi wa Mei mwaka ule ilikuwa Vesak, Poya kubwa kuliko zote. Siku hiyo moja wanakumbuka kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake mwangaza na kufa kwake. Babu Sonara alikuwa ameunda taa ya fito na karatasi za kishada, nyekundu na nyeupe, akaitundika dirishani.

Nilipanda na kifurushi cha jani la mgomba. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba, magharibi ndiyo inaanza kupasuka, na ngazi za nyumba ile zilikuwa ndefu na za giza. Nilipofika katikati nikalifungua jani nikaingiza uso mzima. Sikuona kosa. Kila siku nikifanya hivyo.

Akanifungulia. Shati jeupe, kikoi cheupe, miguu imetoka kuoshwa na bado inachuruzika maji. Akakipokea kifurushi kwa mikono miwili, kisha akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza. "Umeyanusa, mwanangu?" Akanieleza taratibu kuwa ua la kupelekwa kwa Budha halinuswi kwanza. Ukishalinusa, wewe ndiye uliyetangulia kula.

Nikasema, "Sikuyanusa."

Akanitazama, si sana. Akaliweka jani mezani, akachagua vikonyo vitano sita vya juu, vilivyokwisha kuchanua, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole. "Haya yako." Yaliyobaki akayanyunyizia maji kwa ncha za vidole, akayapanga kwenye sahani ya shaba, vichwa vyote vikitazama juu. Nikamwona anajizuia kuvuta pumzi akiwa karibu nayo, kama mtu anayepita juu ya aliyelala.

Nilikaa kizingitini. Rafu ilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu, na juu yake Budha mdogo, urefu wake hauzidi shubiri. Kibakuli cha udongo chenye mafuta ya nazi na utambi wa pamba. Udi. Akapiga magoti, akaunganisha viganja.

Nikangoja asome. Hakusoma. Kulikuwa kimya, kimya kirefu kiasi cha mtu kusema sentensi moja, ndipo akasema: *Namo tassa…* Akanyamaza tena, muda uleule. Akasema tena. Kila sentensi ikitanguliwa na kimya chake, na ndani ya kimya kile yeye kainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, nikijua mtu anayemfuata anayesoma anakuwaje. Vile ndivyo alivyokuwa, maamuma kamili, ila mbele yake hapakuwa na mtu. Nikageuka kutazama kama kuna aliyeingia. Nikaogopa, na mkononi asumini zikalowa jasho.

Mwisho alisoma ubeti mmoja bila kungoja, akiyatazama yale maua. Alipoinuka nikamuuliza umesema nini. Akaniambia: ua hili litanyauka, na mwili wangu nao utakwenda njia hiyohiyo.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Pemba kwa mama yangu mdogo. Niliporudi Mjini duka lina kufuli na dirisha halina taa. Wapo waliosema karudi kwao, wapo waliosema Mombasa.

Miaka mingi ikapita. Nikiwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mwanangu, siku moja nikaingia hekalu la Wabudha pale Upanga. Uani mna mti wa bodhi, mti wa aina ile aliyokaa Budha chini yake alipopata mwangaza. Mtawa kakaa juu kidogo, kichwa kimenyolewa, nguo ya rangi ya zafarani, na watu chini wamevaa meupe. Mtawa akasema sentensi. Watu wakaifuata. Akasema ya pili, wakaifuata.

Nilishika nguzo. Ilikuwa ndiyo sauti ile niliyoikosa Mkunazini. Babu Sonara alikuwa amemwachia mtawa wake nafasi, sentensi kwa sentensi, mahali ambapo mtawa hakuwepo.

Mama mmoja wa Kisinhala akanikaribisha, akanieleza kuwa zile ni ahadi tano: kutoua, kutochukua kisichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa vileo. Mtu akiwa peke yake anaweza kujisomea, akasema, lakini palipo na mtawa huzipokea kutoka kwake. Na mtawa naye hajifanyi mwenyewe, lazima watawa wenziwe wamtawaze. Kwao Ceylon mnyororo ule uliwahi kukatika kabisa, mpaka mwaka 1753 wakaletwa watawa kutoka Siam, Thailand ya leo, kuwatawaza upya pale Kandy. Kisiwa kizima, nikawaza, kiliwahi kuwa kama chumba cha Babu Sonara.

Nikamuuliza ile ya uongo inasemwaje. *Musavada*, akasema. Nililijua neno. Nilikuwa nimelisikia nikiwa kizingitini, baada ya kimya, na uongo wangu bado mbichi.

Yote haya nilimhadithia mjukuu wangu juzi, vikuba vikilala. Nilidhani atauliza habari za sanamu. Akauliza, "Alijua kuwa umenusa?"

Nikamwambia sijui. Labda aliniondolea yale niliyoyagusa kwa pua, labda alinipa zawadi tu, na mara nyengine naona yote mawili.

"Na yale aliyokupa uliyafanyaje?"

Niliyafumbata mpaka nyumbani, sikuthubutu hata kuyasogeza karibu na uso. Nilipofungua kiganja mbele ya Bibi, yalikuwa yameshakuwa kahawia.