Mti wa kuishi milele

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii nimelala kidogo sana, na wanaomjua mama yangu wanajua kwa nini. Usiku wa manane anaamka, anajifunga kanga, anapapasa kitasa cha mlango ili awahi shambani Newala. Shamba hilo hajalikanyaga tangu tumlete hapa Mtwara mjini. Huyu ndiye aliyenifundisha Alhamdu nikiwa sijaota meno ya mbele, na kila mkorosho wake alikuwa akiujua na mwaka alioupanda. Siku hizi ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Naitika, maana nikikataa analia.

Basi katika uchovu huo mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo, akanisogezea simu. "Shangazi, mtazame huyu, amewekewa chipu kwenye ubongo." Ni Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini baada ya ajali akiogelea mwaka 2016. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikizia kifaa chenye nyuzi 64, nyembamba kuliko unywele, zinazopokea umeme wa ubongo na kuupeleka kwenye kompyuta. Anacheza chesi kwa kuwaza tu. Kijana akaendelea kunieleza kuwa wapo wanaoamini siku moja kumbukumbu zote za mtu zitahamishiwa kwenye mashine, asisahau tena wala asife. "Bibi naye angewekewa, eti?"

Sikumjibu. Nilitamani, ndugu zangu. Nilitamani mpaka nikaona haya, na tangu siku hiyo sijaacha kuliwaza jambo hili.

Fikra hizi zina wenyewe. Mwaka 1957 Mwingereza Julian Huxley, mtaalamu wa viumbe, aliandika kwamba binadamu ana uwezo wa kujivuka mwenyewe. Waliomfuata wamekwenda mbali zaidi. Huko Arizona, Marekani, umehifadhiwa mwili wa James Bedford aliyefariki Januari 1967. Umegandishwa kwenye naitrojeni, nyuzijoto 196 chini ya sifuri, kwa matumaini kwamba sayansi itakuja kumwamsha. Yupo na Ray Kurzweil, mvumbuzi anayesema kufikia 2045 akili ya mtu na ya mashine zitakuwa zimeungana. Huyu baba yake, mwanamuziki, alifariki mwaka 1970, na mpaka leo ametunza barua na karatasi za mzee akitumaini kompyuta itamrudisha kwa namna fulani. Nilipoyasoma hayo sikuweza kumcheka. Ni mtoto anayemlilia baba yake, ila kilio chake amekipeleka maabara.

Sisi jambo hili tumelisoma zamani kwenye Qur'ani, sura ya Ta-Ha. Iblis alipomwendea baba yetu Adam hakumpelekea pombe wala fedha. Alimwambia: "Nikuonyeshe mti wa kuishi milele na ufalme usiokoma?" Na katika Al-Baqara tumeambiwa juu ya watu ambao kila mmoja wao anapenda lau angepewa umri wa miaka elfu, na hata angepewa usingemwondoa kwenye adhabu. Kiu hii ni ya zamani sana. Kilichobadilika ni muuza maji.

Lakini tusikimbilie kuharamisha kila kitu, kama wanavyofanya baadhi yetu kila kikitokea chombo kipya. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, dhahabu ambayo tumeizoea kuwa ni haramu kwa wanaume. Kwa hiyo mwenye mtoto kiziwi asihofu eti anabadili uumbaji wa Allah. Muhimbili walianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia; mpeleke mwanao. Na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, je? Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa nayo. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba inayorekebisha vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, bei yake dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tiba hiyo siioni kuwa dhambi. Dhambi naiona kwenye bei, maana mtoto wa Tandahimba atakufa akiisikia redioni.

Kumrejeshea mtu alichopungukiwa ni mlango mmoja, na kumvimbisha mzima apite wenzake ni mlango mwingine. Huo wa pili sahaba Ibn Mas'ud ametupokelea hadithi yake, juu ya waliolaaniwa kwa kuchonga meno yaachane kwa ajili ya urembo, wakibadili alivyoumba Allah. (Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chale usoni na ndonya mdomoni, na sidhani tuna haki ya kumsema sisi tunaojipaka mkorogo. Hilo nitalirudia siku nyingine.)

Sasa nifike panapoliwa moyo wangu. Mabedui walimuuliza Mtume: je, tujitibu? Akasema jitibuni, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja. Wakauliza ni upi. Akasema: uzee.

Mama yangu yuko hapo. Na An-Nahl imemtaja aliye kama yeye, kwamba wapo kati yetu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wanajua. Aya hii nimeisoma tangu utoto, lakini wiki hii ndipo nilipousikia mwisho wake: hakika Allah ni Mjuzi, Mwenye uwezo. Mama amesahau mikorosho, amesahau jina langu, na Aliyemuumba hajapoteza hata herufi moja ya maisha yake. Tamaa ile ya chipu ilipoa hapo. Haikuisha, ilipoa.

Dada mmoja katika darasa letu aliniuliza kwa ukali: basi mzee ateseke ili wewe upate thawabu? Hapana. Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah asirudishwe kwenye umri huo dhaifu. Dua yake iko katika Sahihi Bukhari. Dawa ya kusahau ikipatikana kesho hospitalini, nitauza hata cherehani yangu nimnunulie mama. Sikatai dawa. Ninachokikataa ni ile imani iliyo chini ya maneno yao, kwamba mtu ni akili yake na nguvu zake, na vikiisha hivyo naye amekwisha.

Na imani hiyo, ndugu zangu, haikungoja ndege kutoka Marekani. Iko majumbani kwetu. Hatuna maabara wala naitrojeni, lakini mzee akianza kusahau tunazungumza juu ya kichwa chake kama hayupo. Wageni wakija anahamishiwa chumba cha uani. Akikutwa nje usiku majirani wananong'ona kwamba anawanga, na mtoto anayejua fika kuwa ni maradhi anainama, hasemi neno. Mwogope Allah wewe unayenyamaza! Kuna wazee wamepigwa kwa minong'ono ya namna hiyo.

Na msimu wa korosho je? Shamba ni la mama. Jina kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika ni la mama. Malipo yakiingia watoto wanagawana, mmoja anaongeza bodaboda, mwingine anamcheza mwanawe unyago kwa ngoma ya kukesha. Mwenye shamba analalia godoro lililooza kwa mkojo, kwa sababu pampasi za wakubwa ni ghali. Mmeziona nyumba hizo, nami nimeziona. Halafu akifa, basi linakodiwa kutoka Dar es Salaam, ng'ombe anaangushwa, hitma inasomwa kwa spika mbili, na anayelia kuliko wote ni yule aliyekuwa hapokei simu. Hitma si mbaya. Lakini hiyo hela ya ng'ombe ilikuwa wapi alipokuwa hai, anatetemeka kwa baridi ya alfajiri?

Katika Al-Israa Mola wetu ameunganisha kuabudiwa kwake na kuwatendea wema wazazi, kisha akaitaja hali yenyewe kabisa: mmoja wao akifikia uzee naye yuko nawe, au wote wawili, usimwambie hata "Ah!" Amesema akiwa nawe. Ndani ya nyumba yako, kwenye harufu na kelele na maswali yaleyale mara ishirini. Na Mtume alisema mara tatu, imo katika Sahihi Muslim, kwamba amehasirika aliyewakuta wazazi wake uzeeni, mmoja au wote wawili, kisha asiingie Peponi. Ulimwengu wanaouota akina Kurzweil hauna mzee ndani yake, na hadithi hii ingekosa pa kukaa humo.

Najua inavyochosha. Sikuandikieni kutoka mimbarini, nakuandikieni nikiwa sijafua shuka za jana. Mama akiswali adhuhuri rakaa sita badala ya nne, simkatishi. Kalamu imeinuliwa juu ya aliyeondokewa na akili, sasa mimi nimhesabie ya nini? Akiuliza shambani tutakwenda saa ngapi, namwambia kesho asubuhi, mama. Anaridhika mpaka usiku.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwenu, kabla ya Ijumaa ijayo. Mwenye mzazi mbali apige simu azungumze naye yeye mwenyewe, siyo na anayemtunza tu. Mwenye jirani anayetunza mzee peke yake akamshikie zamu ya usiku mmoja, apate kulala. Hiyo ni sadaka ambayo kisanduku cha msikiti hakiipokei. Na wale mlioshika vitabu vya chama vya wazazi wenu, malipo yakitoka, anzeni na godoro.

Allahumma inni a'udhu bika an uradda ila ardhalil umur. Rabbi rhamhuma kama rabbayani saghira. Amin.

Lile la mkorogo na vidonge vya kuongeza mwili, ambalo wengi mmeniuliza, tutalisoma Alhamisi ijayo insha Allah, kama mama atanipa nafasi.