Swali la mama mkubwa

Ilikuwa wiki ya Krismasi, ukoo mzima umerudi Moshi, nyumbani kwa bibi. Nilikuwa mwaka wa tatu nasomea udaktari Dar es Salaam, kwa hiyo kila aliyekuwa na presha aliniletea mkono wake. Mama mkubwa nilimpimia jikoni, amekaa kwenye kigoda, sufuria ya machalari inatokota pembeni. Nilimfunga mkanda mpana, maana kwenye mkono mnene ule wa kawaida hubana na kutoa namba ya juu kuliko ukweli. Hata hivyo mashine ilisoma 162 kwa 98.

"Chumvi nimepunguza, dawa nameza. Sasa hii presha inatoka wapi, mwanangu?"

Mjomba akadakia mlangoni: "Unene huo, dada. Moyo unabeba mzigo." Akaenda zake. Mama mkubwa akainamisha uso, na mimi nikaumia. Jibu lile nimelisikia hadi kliniki. Linamwachia mgonjwa aibu tu.

Nikamwambia mafuta ya mwilini hayakai bure. Yanatoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa New York mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman. Inapita kwenye damu hadi hipothalamasi, kieneo kidogo chini ya ubongo, kupeleka habari kwamba akiba ipo, kula kupungue. Ila habari hiyohiyo huamsha neva za simpathetiki, zile zinazotudundisha moyo tukishtuka. Neva hizo hufika kwenye figo, nazo figo huanza kuzuia chumvi na maji. Mishipa ya damu nayo hubana. Hapo presha inapanda. Insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, pia huzichochea neva hizo. Ghrelini, homoni ya tumbo lenye njaa iliyopatikana Japani mwaka 1999, yenyewe huzituliza.

Alikoroga sufuria, akafunika, akanigeukia.

"Kama mafuta yanauambia ubongo akiba ipo, mbona mimi njaa haiishi?"

Sijawahi kusahau swali lile. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa fiziolojia, lakini aliligusa fumbo lenyewe, lile linaloumiza vichwa vya watafiti. Mtu mnene ana leptini tele, ila ubongo wake umekuwa mzito kuisikia. Na majaribio ya panya yanaonyesha uzito huo wa kusikia hauko sawa kila upande: shibe haiji, huku neva za kwenye figo zikiendelea kuchochewa vilevile. Mwili unakosa faida ya homoni na kubaki na gharama yake.

Nikamweleza pia kuhusu watu wachache mno duniani waliozaliwa bila leptini. Hunenepa tangu utotoni, njaa yao haina mwisho, lakini presha yao haipandi kama unene ule ungetufanya tutarajie. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba kilo peke yake hazielezi presha.

"Kwa hiyo si uroho?"

"Si uroho, mama mkubwa. Dawa usiache, na ukipungua hata kidogo leptini inashuka, neva zinapoa. Lakini si uroho."

Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye khanga, akamwita mjomba kwa sauti iliyofika uani. Mjomba alipoingia alimwonyesha kigoda, akaniambia nianze upya, tangu kule New York.