Chuma cha kichwa cha mshale: usidanganywe na ugumu

Binamu yangu anaishi Texas, huko anawinda kulungu kwa upinde na leseni yake iko sawa, na ameniuliza mimi kama fundi wa visu hapa Kisumu ati chuma gani ndio kizuri cha kichwa cha mshale. Nimeamua kumjibu hapa juu hilo swali naulizwa pia na vijana wa mtaani. Lakini vijana wa hapa naomba mnisikie kwanza, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na mimi sitengenezei mtu silaha ya kwenda kuua swala, hiyo tusibishane.

Sasa, watu wengi wakisikia chuma kizuri wanafikiria chuma kigumu. Kwa mshale hiyo ni nusu tu ya maneno. Mshale haumuui mnyama kwa kishindo kama risasi, unamuua kwa kukata mishipa na mapafu damu ikatoka haraka, so lazima makali yawe ya wembe, lakini njiani kuna mbavu na mfupa wa bega, na hapo chuma kigumu kupita kiasi kinavunjika ncha na chuma laini kinajikunja, na zote mbili zinaacha mnyama anatembea na jeraha siku mzima kichakani akiteseka. Hiyo ndio inaniuma. Kama unaua, ua haraka.

Kwa hivyo mimi nasema springi ya lori, ile bapa. Nyingi zinakaribia chuma kinaitwa 5160, kaboni kama asilimia 0.6 na kromu kidogo, na imetengenezwa kuvumilia kukunjwa na kurudi miaka yote barabarani. Pale soko la Kibuye hapa Kisumu utaipata kwa watu wa skrapu, ila ikague vizuri kabla ulipe, springi iliyochoka huwa na nyufa ndogo hauzioni mpaka uisugue ing'ae. Vile vyuma vya slabu, yaani nondo, achana navyo kabisa, kaboni ni kidogo, hata ukivipasha vikawa vyekundu na kuvizamisha vitabaki laini. Tupa nayo iko na kaboni nyingi sana, inashika makali vizuri lakini ikigonga mfupa ni kama glasi. Kama hujui umebeba nini, iweke kwenye grainda uangalie cheche: zikipasuka pasuka nyota nyingi kuna kaboni, zikienda mistari mirefu mitupu hakuna kitu hapo.

Stenlesi ya 420 ndio utapata kwa vichwa vingi vya kiwandani, haishiki kutu kirahisi na bei iko chini, lakini makali yake hayakai kama ya chuma cha kaboni. Si mbaya, mtu anaweza kuinoa tena.

Lakini binamu, hata jina la chuma si kitu kama moto wako ni mbaya, na hapa ndio mafundi wengi wanaharibu kazi. Springi unaipasha mpaka sumaku iache kuishika, unaongeza moto kidogo tu, halafu unazamisha kwa oili yenye joto kiasi, usitumie maji juu inaweza pasuka. Na kabla ya hapo usimalize makali, acha kama milimita moja, ukiyafanya membamba yanachomeka na kupinda. Ikitoka hapo ni ngumu lakini haifai bado, isugue ing'ae uipashe tena polepole mpaka rangi ya majani makavu inaanza kwenda kahawia, kama digrii 230. Hapo unapata ugumu wa kama 56 Rockwell, hicho ni kipimo cha ugumu wa chuma, na vichwa vizuri vingi viko kati ya 52 na 58.

Wazee wa Samia, huku mpakani na Uganda, walikuwa wanayeyusha chuma chao wenyewe na majembe yao yakauzwa mpaka kwa Waluo, hawakuwa na sumaku wala kipimo, walikuwa wanasoma rangi ya moto tu. Ndio maana nakuambia fanya hiyo kazi jioni au ndani penye giza kidogo, juani rangi zote zinakudanganya.

Ukimaliza pima uzito. Vichwa vyote viwe sawa, wengi wanatumia 100 au 125 greini, yaani gramu 6.5 au 8 hivi, vikitofautiana kila mshale utaenda kwake. Na vipake oili kabla ya kuviweka, hii springi inashika kutu haraka.