Nilivyomuuguza mamangu nyumbani baada ya pesa ya matibabu kuisha

Mamangu alikuwa na saratani ya titi, na mpaka sisi tunajua ilikuwa ishapasuka kidonda. SHA, ile bima ya afya ya serikali hapa Kenya, tulikuwa tumelipa ya mwaka mzima, maana kama huna payslip unalipa yote kwa mpigo. Wakati huo ilikuwa shilingi 400,000 za saratani kwa familia nzima, zikiisha kulikuwa na 150,000 za ule mfuko wa magonjwa sugu, na ukianza kuhesabu kemo, zile dawa za kupigana na saratani, skani na vipimo unaona zinavyokwenda mbio. Kitu kimoja nilijifunza mapema, simu iliyosajiliwa ndio ilikuwa inaingia ile code ya kuidhinisha matibabu, kwa hivo kasimu ka mama nilikabeba kila siku kama kitambulisho.

Mwezi wa nane zote zikawa zimeisha, na daktari akasema kemo haisaidii tena, mpelekeni nyumbani. Basi. Tukapewa panadol na diklofenaki tukaondoka. Usiku mama alikuwa anauma leso asiamshe watoto, mimi namwona, sina la kufanya.

Jirani yetu mmoja nesi ndio akaniambia usikae hivo, nenda hospitali ya kaunti uulize kliniki ya huduma shufaa, ile ya kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa mahututi, uliza kwa jina hilo hilo. Nikaenda na faili lote. Sista akasoma, akaniuliza maswali kuhusu maumivu ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza mwaka mzima, akanipa mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji kwenye chupa na sirinji ya kupimia. Kila baada ya saa nne, nikaweka alamu kwenye simu, na dawa ya kulainisha choo juu yake kwa sababu mofini inafunga tumbo. Ndugu wakaja juu, ati mama atakuwa teja, ati hiyo ndio ya kumuua. Nikampigia sista nikaweka loudspeaker, akawaeleza pole pole mpaka wakanyamaza. Usiku wa pili mama alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Alafu kidonda. Harufu ndiyo ilikuwa inamwaibisha kuliko maumivu, alikuwa hataki mtu aingie. Sista akanionyesha kusaga vidonge vya flagyl, dawa ya kuua bakteria, na kunyunyiza juu ya kidonda kila nikibadilisha bendeji. Baada ya siku kama nne hivi harufu ikapungua, mamkubwa akaja akakaa kitandani kabisa, wakala maembe pamoja.

Sasa hapa ndio roho yangu inauma. Dawa iliyomtuliza mamangu ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na siku moja ya kemo, lakini nesi wa kuja nyumbani ilikuwa ni mimi namlipia boda, bendeji nanunua, glavu nanunua, yote kwa mchango wa grupu ya familia. Pesa ya serikali inafuata kitanda na mashine, mgonjwa akirudi kwake inamwacha mlangoni. Hospisi zetu nyingi, yaani vituo vya kuwatunza wagonjwa kama mama, tangu ile ya Nairobi ianze 1990, zinaendeshwa kwa misaada na harambee, na mfadhili akiondoka ni nani atakwenda kuwatembelea hawa watu? Afya iko chini ya kaunti, kwa hivo nilipoitwa kwa kikao cha wananchi cha bajeti nilienda, nikasimama nikasema wekeni pesa ya mofini na nauli ya manesi. Waliandika. Nitarudi mwaka huu kuangalia kama iko.

Wenye mgonjwa, msingoje kemo ishindwe ndio muulize huduma shufaa, ulizeni siku ya kwanza, zinaenda pamoja. Na dawa rudini kuchukua ikiwa imebaki ya siku tano, kwa sababu kuna wiki tulikosa nikazunguka mji mzima.

Mama alifariki chumbani kwake, asubuhi, nimemshika mkono. Chupa ilikuwa imebaki nusu. Nikamrudishia sista wiki iliyofuata, akaipima, akaandika kwenye kitabu cha dawa, alafu akanivutia kiti nikae.